Jinsi ya kupima mabadiliko ya nishati na ujazo katika usanisinuru wa bakteria

Mpigo mfupi wa leza unapopenya myeyusho wa protini za usanisinuru, maji yanayozizunguka protini hizo hupata mshtuko mdogo wa shinikizo, na mshtuko huo husafiri hadi ukutani mwa chombo kama sauti. Sikio haliisikii, lakini utando mwembamba wa plastiki ya pizoelektriki, yaani inayotoa umeme inapobanwa, huisikia vizuri sana. Jambo lenyewe si geni, kwani Alexander Graham Bell alionyesha mwaka 1880 kwamba mwanga wa jua uliokatwakatwa huweza kutoa sauti katika kitu kinachoufyonza. Kazi ngumu ni kujua sauti hiyo inasema nini, kwa sababu ndani yake mna habari mbili zilizochanganyika: joto lililotolewa, ambalo huyatanua maji, na badiliko la ujazo wa protini yenyewe pamoja na maji yaliyoishikilia, ambalo linaweza kuwa la kutanuka au la kusinyaa. Mwongozo huu unahusu namna ya kuzitenganisha habari hizo mbili, na mfano nitakaoutumia tangu mwanzo hadi mwisho ni kitovu cha mmenyuko cha bakteria wa zambarau Rhodobacter sphaeroides, aina ya R-26 isiyo na karotenoidi.

Kwa nini kitovu hiki kinafaa

Kitovu cha mmenyuko ni protini ya utando iliyobeba, pamoja na vitu vingine, jozi ya bakterioklorofili ambayo wanaoishughulikia huiita P, bakteriofeofitini (bakterioklorofili isiyo na magnesi), na kwinoni mbili, molekuli za kupokea elektroni, zinazoitwa QA na QB. P ikishasisimuliwa na mwanga hutoa elektroni moja, ambayo hufika kwenye bakteriofeofitini baada ya pikosekunde 3 hivi na kwenye QA baada ya pikosekunde 200 hivi. Hapo hutulia. Njia ya kwenda QB ikiwa imezibwa, elektroni hukaa QA kwa takribani milisekunde 100 kabla ya kurudi kwenye P. Njia ikiwa wazi, huvuka kwenda QB katika muda wa mikrosekunde mia moja au zaidi kidogo, kisha hurudi kwenye P baada ya sekunde moja hivi.

Liangalie pengo lililopo katikati ya namba hizo. Tangu nanosekunde ya kwanza hadi mikrosekunde kadhaa, elektroni imekwisha kufika QA na bado haijaanza kuondoka. Kifaa kinachosikiliza ndani ya pengo hilo huona tukio moja tu, yaani kuzaliwa kwa hali ya P+QA−, ambamo P imepoteza elektroni na QA imeipokea, na huliona kana kwamba limetokea papo hapo na litadumu milele. Mimea haina hali safi namna hii kwa urahisi, na ndiyo sababu mtu anayejifunza mbinu hii namshauri aanzie kwa bakteria. Zaidi ya hayo, karibu kila fotoni iliyofyonzwa huzaa P+QA− moja: Wraight na Clayton walipima ufanisi huo mwaka 1974 na kupata 1.02, kwa kosa la 0.04 juu au chini. Mpimaji asiyejua ufanisi wa fotoni hawezi kugawanya chochote kwa uhakika, kwa hiyo kuwa na namba inayokaribia moja ni neema kubwa.

Hesabu iliyo nyuma ya sauti

Kimo cha wimbi la kwanza la sauti hulingana na jumla ya mitanuko miwili. Mtanuko wa joto hupatikana kwa kuzidisha nishati iliyotoka kama joto kwa mgawo wa kutanuka kwa maji, kisha kugawanya kwa densiti na kwa joto maalumu la maji. Mtanuko wa pili ni badiliko la ujazo la molekuli zenyewe. Kwa maandishi mafupi, tukiita mgawo wa kutanuka β, densiti ρ na joto maalumu Cp, kimo kwa kila moli ya fotoni zilizofyonzwa ni k × (Q × β/ρCp + ΔV), ambapo Q ni joto lililotoka upesi, ΔV ni badiliko la ujazo la molekuli, na k ni namba ya kifaa inayobeba unyeti wa kihisi, umbo la chombo na mambo mengine ambayo hakuna anayetaka kuyakokotoa.

Ni vyema kuzishika namba zenyewe mkononi kabla ya kuwasha leza. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, β ya maji safi ni 2.57 × 10⁻⁴ kwa kila digrii, hivyo β/ρCp ni mililita 0.0617 kwa kila kilojouli. Moli moja ya fotoni za urefu wa wimbi wa nanomita 532 ina kilojouli 225, kwa hiyo zikigeuka joto zote huyatanua maji kwa mililita 13.9. Upande wa pili, kila angstromu moja ya ujazo kwa molekuli ni sawa na mililita 0.602 kwa moli, na kitovu cha mmenyuko husinyaa kwa makumi ya angstromu za ujazo P+QA− inapozaliwa. Maana yake ni kwamba mitanuko hii miwili inakaribiana kwa ukubwa na inavutana kinyume, na mtu anayedhani kwamba sauti ni joto tu, kama walivyo wengi wanaotoka kwenye kazi za rangi za kawaida, ataandika nishati ambayo haipo.

Kinachotuokoa ni tabia ya ajabu ya maji. Katika nyuzi 3.98 maji safi hufikia densiti yake ya juu kabisa, na hapo β ni sifuri: joto lolote litakalomwagwa ndani yake halitanui kitu na halitoi sauti. Sauti inayobaki katika halijoto hiyo ni ya badiliko la ujazo peke yake. Joto ndilo tunalotaka kulipima, lakini kisu cha kulitenga ni halijoto.

Kuandaa sampuli

Vitovu huwa vimetolewa kwenye utando wa bakteria kwa sabuni ya maabara, mara nyingi LDAO, na kusafishwa. Usafi wake huangaliwa kwa kulinganisha ufyonzaji wa nanomita 280 na ule wa nanomita 802. Uwiano wa 1.2 hadi 1.3 unatosha. Ukolezi hupatikana kwa ufyonzaji wa nanomita 802, ambapo mgawo wa ufyonzaji ni 288 kwa milimola kwa sentimita. Katika kyuveti (kichombo kiangavu cha kupimia) yenye unene wa milimita 1, ukolezi wa mikromola 20 utakupa ufyonzaji wa karibu 0.58 katika nanomita 802, na huo ni ukolezi mzuri wa kuanzia. Ziba njia ya QB kwa terbutrini, kiuagugu kinachokaa mahali pa QB, halafu hakikisha imezibwa kweli kwa kupima kurudi kwa elektroni katika spektrofotomita: ukiona mkia wa sekunde moja nyuma ya ule wa milisekunde 100, kuna vitovu ambavyo bado QB yake inafanya kazi.

Myeyusho uondolewe hewa kwa upole na uchujwe. Povu moja dogo lililojibanza kwenye kona ya kyuveti lina uwezo wa kumeza sauti yote au kuizidisha mara kadhaa, na ubaya wake ni kwamba halionekani kwa macho wala halitoi dalili isipokuwa kwamba mawimbi ya leo hayafanani na ya jana. Sabuni hupenda kutoa povu, kwa hiyo jaza kyuveti polepole kwa sindano kuanzia chini, na usiitikise.

Rejea ni muhimu kuliko leza

Ili kuiondoa ile k unahitaji myeyusho wa rejea, yaani rangi inayofyonza mwanga uleule na kuugeuza wote kuwa joto ndani ya nanosekunde chache bila kubadilisha ujazo wake. Zambarau ya bromokresoli katika bafa (myeyusho unaodumisha pH) ya pH 8 hutumika sana kwa kazi hii. Chumvi za metali zenye rangi nazo hutumika, lakini nyingi hufyonza mwanga kwa udhaifu, hivyo hulazimu kuwekwa nyingi, na chumvi ikiwa nyingi hubadilisha β ya maji na kuiteremsha halijoto ile ya densiti ya juu chini ya nyuzi 3.98. Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Rejea lazima iwe katika bafa ileile, yenye chumvi ileile, sabuni ileile na kiasi kilekile cha terbutrini pamoja na kiyeyushi kilichoibeba, kwa sababu tunachokifuta kwa kugawanya ni tabia ya kimiminika kizima, si ya maji ya vitabuni.

Ufyonzaji wa rejea na wa sampuli ulinganishwe katika urefu wa wimbi wa leza, si kwenye kilele cha rangi. Sehemu ya mwanga inayofyonzwa ni 1 − 10⁻ᴬ, ambapo A ni ufyonzaji, kwa hiyo kama sampuli ina ufyonzaji wa 0.50 na rejea ina 0.52, tayari umeingiza kosa la asilimia 2 kabla hujapima chochote. Ni rahisi zaidi kuizimua rejea tone kwa tone hadi ilingane kuliko kurekebisha kwa karatasi baadaye.

Kuna rejea nyingine ambayo binafsi naipenda zaidi, nayo ni sampuli yenyewe ikiwa imefungwa. Ukimulika vitovu kwa mwanga mkali usiokatika, karibu vyote vitakuwa katika hali ya P+QA−, na mpigo wa leza utakaofika hapo hautakuwa na elektroni ya kuhamisha, kwani P imekwisha kuitoa. Nishati yake yote itageuka joto upesi. Unapata hivyo sampuli na rejea katika tone moja la kimiminika, ndani ya kyuveti ambayo haijaguswa. Masharti ni mawili. La kwanza, mwanga wa kufungia usiipashe sampuli joto, na hilo liangaliwe kwa kipimajoto kilichozama ndani ya kimiminika. La pili, ufyonzaji wa vitovu vilivyofungwa upimwe upya, kwa kuwa P+ haifyonzi kama P, hasa karibu na nanomita 865. Usijaribu kufunga vitovu kwa kuipa QA elektroni kwa kemikali ya dithionaiti ukidhani ni sawa: hapo elektroni hushindwa kufika QA, hurudi nyuma baada ya nanosekunde kadhaa, na sehemu yake huacha hali ya tripleti ambayo hushikilia nishati kwa muda wa kutosha kukuharibia rejea.

Kifaa na dirisha la wakati

Leza ya mipigo ya nanosekunde 5 hadi 10 inatosha. Ile ya nanomita 532 hufyonzwa na bakteriofeofitini, ambayo huipeleka nishati kwa P upesi sana. Ukiwa na leza inayoweza kubadilishwa urefu wa wimbi, kupima pia katika eneo la nanomita 860 ni uhakiki mzuri, kwa sababu badiliko la ujazo kwa kila kitovu halipaswi kutegemea rangi ya mwanga uliotumika.

Kihisi hubandikwa au hubanwa kwenye ukuta wa kyuveti. Utando wa PVDF, ile plastiki ya pizoelektriki, una mwitikio mpana na hauvumi sana baada ya kugongwa, ilhali kristali ya seramiki ina unyeti mkubwa lakini huendelea kulia kama kengele. Kihisi kisionane na mwanga wa leza hata kidogo: PVDF huitikia badiliko la joto lake pia, na mwanga uliotawanyika ukiigusa utaona mruko mwanzoni kabisa mwa wimbi, kabla sauti haijapata muda wa kufika. Karatasi nyembamba ya metali inayoakisi, iliyowekwa kati ya kimiminika na kihisi, huondoa tatizo hilo.

Dirisha la wakati huamuliwa na umbali ambao sauti inapita katika eneo lililomulikwa. Sauti husafiri ndani ya maji kwa karibu mita 1,500 kwa sekunde katika nyuzi 25, na kwa karibu mita 1,420 karibu na nyuzi 4. Mwale wenye kipenyo cha milimita 1 hivyo hutoa dirisha la mikrosekunde 0.7 hivi. Tukio lililo fupi kuliko hapo kwa mbali huingia lote katika kimo cha wimbi. Lililo refu kuliko hapo kwa mbali halionekani. Na lile linaloangukia katikati hulipinda umbo la wimbi, na kulipata hulazimu hesabu ya kuchambua wimbi la sampuli kwa kulinganisha na la rejea nukta kwa nukta. Kwa P+QA− mawimbi mawili yanapaswa kuwa na umbo moja, yakitofautiana kimo na ishara tu. Yaweke juu ya mwenzake kwenye skrini. Yasipolingana, tafuta povu au rejea mbaya kabla hujaanza kufikiria ugunduzi mpya.

Kuitafuta sifuri

Anza na rejea katika nyuzi 25 na uangalie upande ambao wimbi la kwanza linaelekea. Hilo ni wimbi la kutanuka, na kama oskiloskopu inalionyesha likielekea juu, basi juu ni kutanuka. Ipoze kyuveti taratibu. Utaliona wimbi likipungua: kufikia nyuzi 10 limebaki theluthi moja tu ya kimo chake, kufikia nyuzi 5 ni kama kiwimbi kinachopotea ndani ya kelele, kisha mstari unalala. Endelea hadi nyuzi 2 na utaliona likirudi, safari hii limepinduka, kwa kuwa chini ya halijoto ya densiti ya juu maji hupashwa joto yakasinyaa. Chora kimo dhidi ya halijoto, pitisha mstari kati ya nukta za pande zote mbili, na mahali unapokata sifuri ndiyo halijoto ya kazi kwa bafa yako. Itakuwa chini kidogo ya 3.98, na usiishangae ikiwa ni 3.5 au pungufu zaidi, kulingana na chumvi. Usiichukue kutoka kwa mtu mwingine. Bafa yake si yako.

Halijoto ishikiliwe ndani ya nyuzi 0.05 au bora zaidi. Karibu na sifuri β hubadilika kwa karibu 1.6 × 10⁻⁵ kwa kila nyuzi, kwa hiyo kosa la nyuzi nusu hurudisha asilimia 3 hivi ya sauti ya joto uliyokuwa nayo katika nyuzi 25. Niliwahi kupoteza siku mbili nikitafuta chanzo cha badiliko la ujazo lililokuwa likikua tangu asubuhi hadi jioni, kumbe kipimajoto kilikuwa kimebandikwa kwenye kishikizo cha shaba na si ndani ya kimiminika. Kishikizo kilikuwa kimepoa, kimiminika bado. Pia madirisha ya kyuveti huingia ukungu katika baridi hiyo, kwa hiyo pulizia naitrojeni kavu.

Sasa weka sampuli. Rejea ikiwa kimya katika halijoto hiyo, vitovu vilivyo wazi vitatoa wimbi safi linaloelekea chini. Mara ya kwanza mtu anapoliona huwa anaangalia tena waya kama hazijapinduliwa. Hazijapinduliwa: kitovu kimesinyaa. Ukiwasha mwanga wa kufungia, wimbi linatoweka, na ukiuzima linarudi, na jaribio hilo dogo lina uzito kuliko kurasa za hesabu.

Nguvu ya mpigo na nafasi kati ya mipigo

Kitovu kimoja kinaweza kupeleka elektroni moja tu kwa mpigo. Fotoni ya pili inayokipata huishia kuwa joto. Sehemu ya vitovu vinavyofanya kazi hufuata 1 − e⁻ˣ, ambapo x ni wastani wa fotoni zilizofyonzwa kwa kila kitovu. x ikiwa 0.1, vitovu vilivyofanya kazi ni 0.095, yaani tayari asilimia 5 ya fotoni zimepotea. Pima kwa nguvu nyingi tofauti, tangu dhaifu kabisa hadi kimo kinapoacha kuongezeka, kisha chukua mteremko wa mwanzo. Mkunjo mzima utumie kuhakiki kwamba vitovu vyote vinaitikia kwa namna moja. Wimbi la rejea halina budi kubaki mstari ulionyooka katika nguvu zote. Likipinda, nishati ya leza imezidi au kipima nishati chako kinadanganya.

Usiogope kwamba ishara ni ndogo. Mikromola 20 za vitovu, sehemu moja kwa kumi ikifanya kazi, zikisinyaa kwa mililita 17 kwa moli, hupunguza ujazo kwa sehemu 3.4 kwa milioni mia moja, na shinikizo linalotokana na hilo ni karibu paskali 70, ambazo kihisi kizuri hukamata kwa mpigo mmoja. Wastani wa mipigo mia moja utakupa wimbi laini.

Lakini mipigo hiyo isikimbizane. Elektroni huchukua milisekunde 100 kurudi, na leza inayopiga mara 10 kwa sekunde hukuta zaidi ya theluthi moja ya vitovu vilivyofanya kazi bado vimefungwa. Piga mara moja kwa sekunde, na baki itakuwa chini ya sehemu moja kwa elfu kumi. Ikiwa umeacha QB wazi, subiri sekunde 5 au zaidi. Leza nyingi zimetengenezwa zifanye kazi kwa kasi moja na hubadilika nguvu ukizipunguza, kwa hiyo ni heri kuiacha iende kwa kasi yake na kutumia shata inayoruhusu mpigo mmoja kati ya kila kumi.

Kukokotoa

Gawanya kimo cha sampuli kwa kimo cha rejea katika kila halijoto, baada ya kila kimoja kugawanywa kwa nishati ya leza na kwa sehemu iliyofyonzwa. Uwiano huo ni sawa na Q/E + (ΔV/E) × (ρCp/β), ambapo E ni nishati ya moli ya fotoni. Ukichora uwiano dhidi ya ρCp/β unapata mstari ulionyooka, ambao kimo chake kwenye mhimili hutoa joto na mteremko wake hutoa ujazo.

Tuseme, kwa namba za mfano tu, kwamba kwa nanomita 532 umepata uwiano wa −0.63 katika nyuzi 25 na −3.00 katika nyuzi 10. Thamani ya ρCp/β ni kilojouli 16.2 kwa mililita katika halijoto ya kwanza na 47.6 katika ya pili. Mteremko ni −2.37 gawanya kwa 31.4, yaani −0.0755, ukizidisha kwa 225 unapata ΔV ya mililita −17 kwa moli, sawa na angstromu za ujazo −28 kwa kila kitovu. Kimo kwenye mhimili ni −0.63 + 0.0755 × 16.2, yaani 0.59, na mara 225 ni kilojouli 133 za joto. Zilizobaki ndani ya P+QA− ni 92, karibu elektronivolti 0.95. Kwa kazi halisi nukta mbili hazitoshi. Pima katika halijoto tano au sita tofauti, na matokeo ya ujazo yalinganishwe na yale uliyoyapata moja kwa moja katika halijoto ya sifuri. Katika sifuri rejea haina kimo, kwa hiyo k ya hapo ipatikane kwa kupitisha mkunjo kati ya halijoto za juu na za chini yake.

Mstari huo umesimama juu ya dhana kwamba Q na ΔV havibadiliki na halijoto. Ni dhana tu. Nukta zikijipinda, usizilazimishe zinyooke. Badiliko la ujazo linaweza kutegemea halijoto, na hapo thamani ya kuaminika ni ile iliyopimwa karibu na sifuri. Anayetaka nafasi pana zaidi anaweza kutumia maji mazito, ambayo densiti yake ya juu iko katika nyuzi 11.2, akikumbuka kwamba protoni za protini nazo zitabadilishwa.

Namba zikishapatikana

Kusinyaa hutokana hasa na mvuto wa chaji. P ikiwa chanya na QA ikiwa hasi, kila moja huzivuta dipoli za protini na za maji zilizo karibu nayo na kuzibana. Kwa hiyo ΔV ni kipimo cha ulaini wa protini mahali chaji zilipotua, jambo ambalo picha ya eksirei iliyopigwa katika kristali haiwezi kukuambia.

Upande wa nishati, kumbuka kwamba sauti hutoa entalpia (nishati yote inayohesabiwa kwa joto), si nishati huru (sehemu inayoweza kufanya kazi). Nishati huru ya P+QA− hupatikana kwa njia nyingine, kama vile mng'ao unaochelewa, ambao uliiweka elektronivolti 0.86 hivi chini ya P iliyosisimuliwa, nayo P hiyo iko elektronivolti 1.38 juu ya hali ya kawaida. Tofauti kati ya entalpia yako na nishati huru ni mchango wa entropia, na kila kosa la asilimia chache katika rejea huangukia huko lote. Kabla hujaandika neno entropia, rudia kulinganisha ufyonzaji.

Callis, Parson na Gouterman, waliopima haya mwaka 1972 kwa kromatofori (vifuko vya utando) za bakteria Chromatium, walitumia maikrofoni ya kapasita, ambayo ni ya polepole lakini huweza kufuata matukio hadi milisekunde. Mtu anayetaka kuiona elektroni ikivuka kutoka QA kwenda QB anahitaji kifaa cha namna hiyo, kwa kuwa mikrosekunde mia moja ziko nje ya dirisha la PVDF. Kromatofori zenyewe hutawanya mwanga, hivyo ufyonzaji unaousoma kwenye spektrofotomita ni mkubwa kuliko wa kweli. Hapo rejea ya rangi haifai tena, na vitovu vilivyofungwa kwa mwanga ndani ya sampuli ileile ndiyo rejea pekee ninayoiamini.